NANI MWENYE HAKI YA KUIMBA?

Watakuwapo wanachama watakaotushangaa kuona kwamba ukurasa huu, tuliozoea kuutumia kwa habari za bei ya karafuu na daftari la wapiga kura, leo tumeutoa kwa mashindano ya nyimbo ya watu wa Ulaya. Watatuuliza: tuna nini sisi na hiyo Eurovision? Ni taa na moshi, mavazi ya kumeta, na nyimbo ambazo aghalabu hazidumu mpaka Ramadhani inayofuata. Nasi hatukukusudia kuzitetea nyimbo hizo. Nyingi katika zile tulizozisikia hazingepata mtu wa kuzitunza katika kilabu chochote cha taarab hapa mjini. Lakini suala lililomo ndani ya mashindano hayo si la nyimbo. Ni suala la nani ahesabiwe kuwa nchi, na nani aliyepewa mamlaka ya kuhesabu. Na suala hilo hapana mtu mzima Visiwani humu asiyeujua uchungu wake.

Mashindano haya yalianza tarehe 24 Mei 1956 katika mji wa Lugano, Uswisi. Walioingia walikuwa 7 tu: Uswisi wenyewe, Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani ya Magharibi, Ufaransa, Luxembourg na Italia, kila mmoja akaleta nyimbo mbili, na wenyeji ndio walioshinda kwa sauti ya Bibi Lys Assia. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu nyuma, na watu waliokuwa wakirushiana mizinga wakakaa katika ukumbi mmoja wakasikilizana. Jambo hilo peke yake lastahili kusifiwa. Lakini tunamwomba msomaji alishike jambo jingine, kwani ndilo tutakalolirejea: tangu usiku ule wa kwanza, walioshindana hawakuwa madola wala serikali. Walikuwa mashirika ya redio na televisheni, wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, uliofanywa mwaka 1950 na wenye makao yake Geneva. Mwenye kuleta wimbo ni shirika, mwenye kulipa ada ni shirika, na mwenye kuadhibiwa akivunja kanuni ni shirika.

Basi ni shirika gani lenye haki ya kuingia? Kanuni husema: lililo mwanachama kamili wa Umoja, na uanachama kamili uko wazi kwa nchi zilizomo katika Eneo la Utangazaji la Ulaya, au zilizo katika Baraza la Ulaya. Eneo hilo lilichorwa na mafundi wa mawimbi ya redio. Kusini linakoma katika mstari wa digrii 30 kaskazini ya Ikweta, na mashariki katika mstari wa digrii 40, pamoja na nyongeza zilizoandikwa baadaye ili kuwaingiza waliobakia nje kidogo. (Unguja na Pemba zote mbili ziko kabla ya hiyo digrii 40 mashariki. Lau kipimo kingekuwa ni mstari huo peke yake, sisi nasi tungekuwa watu wa Ulaya, na mashekhe wetu wangepata kazi ya kutueleza hukumu yake.) Kwa ajili ya mistari hiyo, mashirika ya Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Lebanon na Jordan yamo katika Umoja huo wa Ulaya, na mlango wa mashindano kwa kanuni uko wazi kwao. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Eurovision ni ya Wazungu peke yao, na wale wanaolalamika kwamba imeacha kuwa yao, wote wawili hawakuisoma kanuni.

Na Moroko iliingia. Mwaka 1980, katika mji wa The Hague, Samira Bensaïd, ambaye baadaye alitukuka huko Misri kwa jina la Samira Said, aliimba kwa Kiarabu mbele ya Ulaya nzima. Akapata alama 7, na zote 7 zilitoka Italia. Akawa wa 18 katika 19. Moroko haikurudi tena, wala hapana nchi nyingine ya Afrika iliyoingia mashindano hayo baada yake. Tunisia ilikuwa imejiandikisha mwaka 1977 ikajitoa kabla ya siku kufika.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya ndugu zetu hawatalipenda. Mwaka 1978 Israel ilishinda, na televisheni ya Jordan, iliyokuwa ikiyaonyesha mashindano, ilipofika zamu ya wimbo wa Israel iliwaonyesha watazamaji wake picha ya maua. Na ilipokuwa dhahiri kwamba Israel inashinda, matangazo yakakatwa, na watu wakaambiwa kwamba mshindi ni Ubelgiji, aliyekuwa wa pili. Mwaka 2005 Lebanon nayo ilikwisha kumchagua mwimbaji wake, kisha ikajitoa, kwa kuwa sheria ya nchi haikuiruhusu kuuonyesha wimbo wa Israel na kanuni ya mashindano yaamrisha kwamba kila nyimbo ionyeshwe. Sisi tuko pamoja na Wafalastina katika madai yao, na hatukulificha hilo hata siku moja. Lakini kanuni ile ni ya haki. Atakaye kuimba mbele za watu akubali na wenziwe wasikiwe. Lebanon ilijitoa mapema na ikasema kwa nini, na mwenye kususia jambo waziwazi ana heshima yake. Ama kuwawekea watu maua mbele ya macho, kisha kuwaambia kwamba aliyeshinda siye aliyeshinda, hilo ni jambo ambalo chama cha upinzani cha kisiwani hakiwezi kulisifu popote litokeapo, na wasomaji wetu hawahitaji tuwafafanulie zaidi.

Sasa tuangalie jinsi kanuni inavyopindwa kwa mwenye nguvu. Mwaka 2015, mashindano yalipotimiza miaka 60, Australia ilialikwa. Hiyo iko upande wa pili wa dunia, mbali na kila mstari uliochorwa. Ilikuwa imeyaonyesha mashindano kwa watu wake tangu mwaka 1983, wakayapenda, na shirika lake ni mwanachama mshiriki wa Umoja, si mwanachama kamili. Mwaliko ulisemwa kuwa ni wa sherehe. Mwaka uliofuata Australia ilialikwa tena, ikawa ya pili, na ikaendelea kuja. Hatuna kinyongo na Waustralia. Tunasema tu kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mapenzi ya watazamaji hauwezi kufungwa kwa mwingine kwa hoja ya ramani.

Wala si ramani tu. Luxembourg imeshinda mara 5: 1961, 1965, 1972, 1973 na 1983. Hapana hata mmoja katika waimbaji wake hao watano aliyekuwa mtu wa Luxembourg. Wengi walitoka Ufaransa. Mwaka 1988 Uswisi walishinda kwa kumwimbisha Céline Dion, binti wa Canada. Monaco, ambayo ukubwa wake wote ni kama mtaa wetu mmoja, ilishinda mwaka 1971. San Marino, yenye watu kama 33,000, imekuwa ikiingia tangu mwaka 2008. Basi udogo si kosa, na kumkodi mgeni akuimbie si kosa. Pesa nazo zina kiti chao: wale wakubwa walipao zaidi, yaani Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia na Hispania, waliwekewa kanuni ya kupita moja kwa moja mpaka siku ya mwisho bila ya kuchujwa, na wengine wote, ila mwenyeji aliyeshinda mwaka uliopita, wachujwe kwanza.

Baada ya ukarimu wote huo, tumuulize mwenye kuilinda kanuni: nani basi aliyekosa nafasi?

Kati ya Scotland na Iceland viko visiwa 18 viitwavyo Faroe. Watu wake ni kama 54,000, kazi yao kubwa ni uvuvi, na wana lugha yao wenyewe ambayo si Kidenmark. Wana bunge lao. Tangu mwaka 1948 wanajitawala katika mambo yao ya ndani chini ya ufalme wa Denmark. Wana bendera yao. Denmark iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, wao wakakataa kuingia, na wakaachiwa. Na wana shirika lao la redio na televisheni, linalotangaza kwa lugha yao. Kwa kila kipimo cha akili hilo ni shirika la utangazaji la watu wanaojijua kuwa ni watu. Wamekuwa wakiomba kuingia Eurovision kwa jina lao, na jawabu wanalopewa ni moja: nyinyi ni sehemu ya ufalme wa Denmark, na Denmark tayari ina mwanachama.

Kwa hiyo mwaka 2023 kijana wa Faroe ajulikanaye kwa jina la Reiley alipotaka kuimba mbele ya Ulaya, ilimbidi aende kushindania nafasi ya Denmark. Akashinda, akasimama chini ya bendera ya Denmark, akaimba kwa Kiingereza, akatolewa katika mchujo. Hatusemi kwamba angeshinda kwa bendera yake. Labda angekuwa wa mwisho. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kushindwa kwa jina lako na kupita kwa jina la mwenzio.

Na ajabu ya mambo ni kwamba watu hao hao katika mpira wanahesabiwa kuwa nchi. Walikubaliwa na FIFA mwaka 1988 na na UEFA mwaka 1990. Na tarehe 12 Septemba 1990, katika mechi yao ya kwanza ya mashindano, waliifunga Austria 1–0. Walicheza katika mji wa Landskrona, Sweden, kwa kuwa kwao hapakuwa na uwanja wa majani. Wavuvi na makarani wameifunga Austria! Wala Denmark haikupungua hata kidogo kwa ushindi ule, wala ufalme haukuvunjika.

Msomaji wa Visiwani hana haja ya kuambiwa kwa nini habari hiyo inatugusa. Tarehe 16 Disemba 1963 Zanzibar ilipewa kiti katika Umoja wa Mataifa. Kiti hicho kikaondoka mwaka 1964 baada ya Muungano. Tumebakia na Baraza la Wawakilishi, Rais wetu, mahakama zetu, bendera yetu, na shirika letu la utangazaji. Televisheni ya rangi ilionekana Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikakaa bila ya televisheni mpaka miaka ya 1990. Timu yetu ya mpira inacheza mashindano ya Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa jina lake. Ilichukua kikombe mwaka 1995, na mwaka 2017 ilifika fainali na Kenya. Lakini katika mwezi wa Machi wa mwaka huo huo wa 2017, mkutano mkuu wa CAF uliokutana Addis Ababa ulitukubali kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walishangilia mitaani. Mwezi wa Julai, huko Rabat, uanachama ukafutwa. Tuliambiwa kwamba CAF haiwezi kupokea vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba maana ya nchi hutolewa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Miezi minne tulikuwa nchi katika mpira, kisha tukaacha kuwa nchi, bila ya kuhama mahali tulipo wala kubadilisha chochote katika nafsi zetu.

Jawabu walilopewa watu wa Faroe na jawabu tulilopewa sisi ni jawabu moja lililotolewa kwa lugha mbili.

Kuna hoja inayosemwa dhidi yetu, na hatutaki kuificha. Husemwa: mkiwafungulia Faroe, kesho watakuja Wakatalonia, na Waskoti, na kila jimbo lenye redio na kinyongo, mashindano yatakuwa na nyimbo 100 na hayatakwisha mpaka alfajiri. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa muda tu. Wales iliingia katika mashindano ya watoto ya Umoja huo huo mwaka 2018 na 2019, kwa jina lake na kwa lugha yake, na mashindano hayakujaa wala Uingereza haikuanguka. Wengi wakizidi, kuna mchujo. Ndiyo kazi ya mchujo. Wala hatusemi kila jimbo liingie. Twasema: aingie yule mwenye mambo mawili, bunge lake lililowekwa kwa sheria, na shirika lake la utangazaji linalosimama kwa miguu yake na kulipa ada yake. Watakaotimiza hayo si wengi. Kosovo wangeyatimiza, walitangaza uhuru mwaka 2008, FIFA na UEFA zikawakubali mwaka 2016, na mpaka mwaka 2025 walikuwa bado hawajaimba.

Sharti la kwamba shirika lisimame kwa miguu yake hatukuliweka kwa kupamba maneno. Mwaka 2021 Belarus ilileta wimbo ukakataliwa, ikaleta wa pili ukakataliwa, kwa kuwa zilionekana kuwa ni za kuwakejeli wapinzani wa serikali. Baadaye uanachama wa shirika lake ukasimamishwa, baada ya kurusha mahojiano ya wafungwa yaliyoaminiwa kwamba yalitolewa kwa nguvu. Hapo Umoja ulifanya kazi yake barabara. Shirika ambalo ni kipaza sauti cha wenye madaraka si shirika la watu, na haliwezi kusema kwamba linawaletea wengine sauti ya nchi. Tukitaka siku moja tuulize nafasi yetu mahali popote, hata katika Afrika, swali hili tutaulizwa sisi kwanza: je, katika redio yenu, mpinzani husikika nje ya siku za kampeni? Wawakilishi wetu walitafutie jawabu kabla hatujaulizwa.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni la kuwatoa waliokwisha kuingia. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Siku hiyo Umoja ulisema kwamba Urusi inaweza kuimba. Mashirika ya nchi nyingine yakapiga kelele, na tarehe 25 ukasema haiwezi, kwa kuwa kuwapo kwake kungeyavunjia mashindano heshima. Ukraine ikashinda mwaka huo, na mwaka 2023, kwa sababu ya vita, mashindano yakafanywa Liverpool kwa niaba yake. Kisha vita vya Gaza vikaanza Oktoba 2023, na watu kwa maelfu na maelfu wakauawa. Israel ikaimba Malmö mwaka 2024, ikaimba Basel mwaka 2025 ikawa ya pili. Walipoulizwa, wakubwa wa Umoja walijibu kwamba mashindano ni ya mashirika, si ya serikali, na shirika la Israel halikuvunja kanuni. Mwezi wa Disemba 2025 mkutano wa wanachama ulitengeneza upya kanuni za kupiga kura na ukaiacha Israel iendelee. Hapo Hispania, Uholanzi, Ireland na Slovenia zikatangaza kwamba hazitaingia mashindano ya 2026, na Iceland ikafuata baada ya siku chache.

Sisi twaona jawabu ni mojawapo ya mawili. Ikiwa shirika lahukumiwa kwa matendo ya serikali yake, basi lililotosha kuitoa Urusi katika siku moja latosha kwa Israel. Ikiwa shirika halihukumiwi ila kwa matendo yake lenyewe, basi Urusi ilipaswa kuhukumiwa kwa uongo wa televisheni yake, nao ulikuwa mwingi wa kutosha, si kwa vifaru vya jeshi. Kuishika kanuni ya kwanza mwezi huu na ya pili mwezi ujao ni kuwa na pishi mbili dukani, moja ya kununulia na moja ya kuuzia. Katika Kitabu chetu imo sura nzima iliyopewa jina la watu wa namna hiyo, na kila aliyekaa chuoni aijua.

Wako watakaotuambia kwamba basi yafanywe mashindano mengine, ya mataifa yasiyo ya Ulaya. Yalifanywa. Urusi ilifufua Intervision, mashindano ya kambi ya zamani ya Kisovieti, mjini Moscow mwezi wa Septemba 2025. Kenya jirani yetu iliimba huko, na Madagascar, na Vietnam ikashinda. Lakini huko mlango hufunguliwa kwa rafiki wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba huweza kesho kuwa na marafiki wengine. Kanuni mbovu iliyoandikwa ni afadhali kwetu kuliko ukarimu usioandikwa, kwani iliyoandikwa yaweza kupelekwa mbele ya baraza ikabishaniwa. Ndivyo walivyofanya watu wa Gibraltar katika mpira: walikataliwa, wakaenda mbele ya mahakama ya michezo huko Lausanne, wakarudi tena na tena, wakaingia UEFA mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wetu wa Barazani mambo mawili. Kwanza, waulize rasmi ni barua gani zilizoandikwa na serikali kuhusu uanachama wa CAF tangu Julai 2017, ziliandikwa lini, na zilijibiwa nini. Pili, waulize kama shirika letu la utangazaji limewahi kuomba kiti chake lenyewe katika umoja wowote wa mashirika ya utangazaji ulimwenguni. Na kama halijaomba, ni nani aliyelizuia.